Kambi ya kidato cha nne iwe lazima au hiari? Wazazi na wanafunzi wa Uyole tuongee

Mzazi, Uyole (mwanzisha mada)
Habari za jioni, majirani. Kikao cha wazazi cha Jumamosi kimeisha kwa tangazo. Kambi ya kidato cha nne (watoto kulala shule na kusoma usiku wajiandae na mtihani) katika shule yetu ya kata, ambayo tangu Julai ilikuwa ya anayetaka, kuanzia Septemba ni lazima kwa wote mpaka wamalize mtihani wa taifa Novemba. Kila mzazi atoe shilingi 120,000, madebe mawili ya mahindi na kilo kumi za maharage, na mtoto aje na godoro na blanketi zito. Tukaambiwa hayo ni makubaliano ya wazazi. Waliokubali ni waliokaa viti vya mbele. Sisi wa nyuma tulikuwa bado tunaulizana debe la mahindi Mwanjelwa limefika bei gani.

Shule hii siichukii. Wanangu wawili wamepita pale na wanajitegemea. Nidhamu ipo, na Kiswahili na historia wanafundishwa wakashiba. Hoja yangu ni daftari la fizikia la binti yangu. Juzi nimelifungua: mada ya mawimbi imeishia katikati mwezi wa nne, zinafuata kurasa sita nyeupe, kisha yanaanza maswali ya mitihani iliyopita na majibu yake, mwandiko wa mbiombio. Nikamuuliza hizi nyeupe za nini. "Za sumaku-umeme, mama. Tumeambiwa tutasoma kambini." Mwalimu wa fizikia yuko mmoja, kidato cha kwanza mpaka cha nne ni wake, kwa hiyo yeye simlaumu hata kidogo. Ila kambi imegeuzwa kiraka cha vipindi vya mchana, na kiraka chenyewe nauziwa mimi kwa laki na ishirini. Bodi inakaa Alhamisi. Mwenye neno alete.

Baba mwenye mabinti, Igawilo
Mama, heshima yako, lakini pengine wewe nyumba yako iko karibu na shule. Binti yangu anatoka saa kumi na moja na nusu baada ya vipindi vya ziada. Konda akiona sare anagonga bati gari liondoke, maana nauli ya mwanafunzi haimlipi. Anatembea. Anafika giza limeshaingia, na baridi ya Julai huku mnaijua. Kijana wa bodaboda ameshaikariri ratiba hiyo kuliko mimi baba mtu. Leo lifti, kesho chipsi, keshokutwa naitwa babu. Najua tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi shule, na ni jambo jema, ila wangu nataka amalize kwanza. Halafu wale wa kutoka Umalila waliopangishiwa geto hapa mjini, chumba kimoja mabinti watatu, nani anawatazama usiku? Kambini kuna matroni. Hata ingekuwa laki mbili ningelipa.

Mzazi, Itezi
Laki mbili ulipe wewe. Usitusemee.

Mwanafunzi, kidato cha nne
Shikamooni wazazi. Naona mnabishania kambi ambayo hamjawahi kulala. Mimi nimo tangu Julai.

Kwanza inasaidia, nisiwe mwongo. Nyumbani nikishika kitabu naitwa kuosha vyombo, nikimaliza vyombo wadogo zangu wamewasha TV. Kambini saa moja mpaka saa nne usiku ni prepo, yaani kujisomea, kila mtu kimya, halafu tunafundishana. Hesabu nilikuwa na F, kwenye moko, mtihani wa majaribio, nimepata C.

Sasa sikieni na haya. Wasichana tunalala maabara ya biolojia. Magodoro yamepangwa katikati ya meza, madirisha yana nondo, mlango ni mmoja, na ukifungwa usiku funguo anakaa nazo matroni, ambaye analala jengo la pili. Umeme ukikatika tunawasha mishumaa. Makande mchana, makande usiku. Maji ya kuoga tunachota kwa foleni saa kumi alfajiri, yanauma mikono. Mada mpya usiku hazifundishwi, mama ameona kweli. Tunasolvu mapepa tu.

Na wiki iliyopita ambao hawajalipa walitolewa mstarini wakaambiwa wasionekane hata vipindi vya mchana. Mmoja wao ndiye anayenifundisha mimi hesabu. Amekaa nyumbani siku tatu. Hapo nani anasaidiwa kufaulu?

Mwalimu, Mbeya Vijijini
Sifundishi shule hiyo, ila jiko la kambi nalijua moshi wake. Tuanze na hela. Ada ya kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka mpaka Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulipoifuta, tukaanza bila ada Januari 2016. Badala yake inakuja ruzuku, ambayo hesabu yake ni 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo humo kuna fungu la vitabu. Toa chaki, toa karatasi za mitihani, toa kitasa kilichovunjika. Chakula cha usiku hakimo. Mwalimu anayesimamia prepo naye halipwi popote, anaacha familia yake.

Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango mashuleni, kwetu jiko lilizimwa kesho yake na watoto wakashinda njaa. Baadaye ikafafanuliwa kwamba mzazi anayetaka kuchangia achangie kwa hiari, na hela ipitie kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kwa hiyo hiari ipo, lazima haipo. Kumtoa mtoto darasani kwa sababu ya mchango hakuruhusiwi, na hilo hakuna mkuu wa shule asiyelijua.

Mbona basi wanafanya? Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora Januari 2023, lakini vikaoni huku chini shule bado zinapangwa kwa ziro, yaani idadi ya waliofeli. Mwenye ziro nyingi anasimamishwa ajieleze mbele ya wenzake. Sasa angalieni: yanahesabiwa masomo saba, F ni pointi 5, D ni 4, C ni 3, na ziro ni pointi 34 na 35. Mtoto akipata D mbili, au C moja tu, ana 33, tayari ni divisheni four na shule imepumua. Ndiyo maana usiku ni mapepa. Kambi nyingi tunazoendesha zinamtafutia mtoto wa mwisho D mbili. Mtoto anayetaka kusoma fizikia kidato cha tano hatukumpangia kitu, na bora mzazi alijue hilo kabla hajatoa hela.

Mzazi, Itezi
Asante mwalimu kwa kusema. Nimechoka kuambiwa "elimu bila malipo" halafu naletewa orodha yenye godoro.

Bibi, Nsalaga (naandikiwa na mjukuu)
Mimi nalea wa marehemu mwanangu. Mahindi sina, nina viazi gunia mbili. Nilivipeleka, stoo wakavikataa, wakasema orodha imeandikwa mahindi. Nivirudishe kwa nani? Watoto hawali viazi? Nauliza tu.

Kundi la 2012
Mimi nilimaliza kidato cha nne 2012, zao la shule za kata, zile zilizosukumwa enzi za Lowassa akiwa Waziri Mkuu, wazazi wetu wakifyatua tofali na kubeba mchanga. Matokeo yetu yalitoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima ziro, mpaka Waziri Mkuu Pinda akaunda tume na matokeo yakapangwa upya. Kambi hatukuwa nayo. Mwalimu wa hesabu pia hatukuwa naye, kidato cha tatu chote. Kwa hiyo wanaosema "futa kambi, mchana utajirekebisha" wanifafanulie utajirekebishaje, maana mimi niliusubiri.

Ila hesabu ya hela naiona vingine. Wazazi thelathini kwa 120,000 ni 3,600,000. Hiyo inamlipa mwalimu wa kujitolea wa fizikia 300,000 kwa mwezi, mwaka mzima. Vijana wa ualimu wenye digrii wamejaa mtaani wanauza vocha. Tungechangia mwalimu Januari, Septemba tusingekuwa tunajadili maharage.

Baba mwenye mabinti, Igawilo
Wazo zuri kwa mwakani. Wangu mtihani ni Novemba hii.

Mzazi, Uyole (mwanzisha mada)
Nimesoma zote. Baba wa Igawilo, giza la barabarani sina jibu lake. Kwa mabinti wa mbali na hao wa mageto, walale shule, tena wapewe nafasi kwanza. Ninachokataa ni lazima kwa anayeishi hatua chache kutoka getini, na nakataa zaidi mtoto kukosa kipindi cha mchana kwa deni la makande. Hilo la pili kwangu si la kujadili. Bodi ikilikwepa Alhamisi napanda kwa afisa elimu wa sekondari, mkononi nina daftari la fizikia. La mwalimu wa kujitolea nitalitaja, japo naona wataniambia tusubiri ajira mpya. Na viazi vya bibi vipokelewe, jamani, hii ni Mbeya.

Lakini mlango mmoja, nondo, mishumaa na funguo ziko jengo la pili, hilo haliwezi kungoja Alhamisi. Kesho asubuhi naenda kuiona hiyo maabara kwa macho yangu.

Baba mwenye mabinti, Igawilo
Saa ngapi, mama? Wangu atalala humo. Tuongozane.