Baba (66) ana saratani ya tezi dume, tumeambiwa upasuaji wa roboti India. Naombeni ushauri

Mwana_wa_Tukuyu
Wakuu salamu. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Mbeya. Alianza kuamka usiku mara nne, mara tano kwenda haja ndogo, tukadhani ni umri. Kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, kikasoma 14. Wakamkata kinyama, majibu yakarudi saratani, Gleason 3+4, yaani ukali wa kati. Picha ya MRI inaonyesha bado iko ndani ya tezi, na mifupa iko salama.

Sasa wakala wa safari za matibabu ametuletea bei mbili za hospitali moja India: upasuaji wa kufungua tumbo na ule wa roboti. Wa roboti umezidi kwa kama milioni saba. Anasema roboti haikosei, mzee atarudi kama kijana. Jana tulikaa kikao cha ukoo, baba mdogo yuko tayari kuuza shamba la parachichi. Mwenye mwili ndiye hataki. Aliniita pembeni, zile karatasi kazikunja mara nne mkononi, akasema: "Mwanangu, siwezi kulala nusu kaputi halafu nikaachwa na mashine." Nilikosa la kumjibu. Umeme ukikatika je? Mwenye kujua anisaidie.

Nesi_Ughaibuni
Pole sana mdogo wangu, na mzee mfikishie shikamoo yangu. Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji Uingereza. Huku tezi dume nyingi zinazotolewa kwa ajili ya saratani hutolewa kwa roboti, kwa hiyo naandika ninachokiona kazini.

Mwambie haachwi na mashine. Hilo jina "roboti" ndilo linalowatisha watu. Ile mashine inayotumika sana, da Vinci, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2000, haiamui hata kupitisha sindano mara moja. Daktari anakaa hatua chache kutoka kitandani, uso kauingiza kwenye sehemu ya kutazamia, vidole viko kwenye vishikio. Akikunja kifundo cha mkono, kimkasi kule ndani nacho kinakunja. Akisogeza mkono sana, chenyewe kinasogea kidogo, na mtetemo wa vidole unachujwa. Akiinua uso tu, mikono yote ya mashine inaganda papo hapo. Mara ngapi daktari ameinua kichwa aniulize jambo, na vile vyuma vikabaki vimetulia juu ya mgonjwa mpaka aurudishe uso wake!

Umeme: mashine ina betri, hospitali ina jenereta, na sisi tuliosimama pale kitandani tumefunzwa kuchomoa vifaa ili daktari aendelee kwa mikono yake.

Tumboni mtaona vitundu vitano au sita. Kimoja karibu na kitovu huongezwa ili tezi itolewe ikiwa ndani ya kifuko. Mgonjwa hulazwa kichwa chini miguu juu kwa saa kadhaa, kwa hiyo akiamka uso umevimba. Msishtuke. Mabega nayo yanaweza kuuma, ni ile gesi inayojazwa tumboni.

Abuu_Tanga
Kaka, hilo neno "kama kijana" ndilo lililotuumiza sisi. Mjomba wangu alifanyiwa kwa roboti, hospitali siitaji. Vidonda vilipona upesi kweli. Lakini mkojo ulivuja miezi mitano. Mtu aliyekuwa safu ya kwanza kila alfajiri akawa anaswali chumbani, anaona haya, kila akiinuka udhu una mashaka. Hakuna aliyetuambia mapema kwamba mwanzoni kuvuja huwapata wengi, wala kwamba kuna mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, kama unayezuia mkojo, na ni vizuri ayaanze kabla hajapasuliwa. Aliyajua baada ya kurudi. Leo yuko sawa upande huo. Nguvu za kiume hazijarudi kama zamani. Mzee aelezwe hilo waziwazi, na mama awepo.

Dkt_wa_Kata
Nyongeza kwa Abuu. Mimi ni daktari ila si bingwa wa mkojo. Kuna utafiti wa Brisbane, Australia, uliotangazwa mwaka 2016: wanaume 326 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wafunguliwe tumbo, nusu kwa roboti, kila upande na daktari wake mmoja. Wiki 12 baadaye, uwezo wa kuzuia mkojo na nguvu za kiume havikutofautiana kwa maana. Miaka miwili baadaye, vivyo hivyo. Roboti ilishinda kwenye damu, iliyopotea ilikuwa pungufu, na siku za wodini zilipungua. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini wakala anawauzia kitu kingine.

Mimi ningemuuliza daktari, si wakala: wewe mwenyewe umefanya ngapi kwa roboti? Ni wewe utakayekaa pale au mwanafunzi wako? Wangapi kati ya wagonjwa wako bado wanavaa pedi baada ya mwaka? Bingwa wa kufungua tumbo aliyekomaa ni bora kuliko anayejifunzia roboti kwa mzee wenu.

Halafu, mmemwona mtu wa mionzi? Kwa saratani iliyo ndani ya tezi bado, mionzi nayo ni tiba kamili, na Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, wanatoa. Saratani hii mara nyingi haikimbii, wiki chache za kuuliza hazimdhuru. Ila msikae miezi.

Kibwana_T
Samahani kuingilia. Si nilisoma 2025 daktari Vipul Patel akiwa Florida alimpasua mgonjwa wa tezi dume aliyekuwa Luanda, Angola? Mzee hawezi kufanyiwa hivyo akiwa hapa?

Nesi_Ughaibuni
Ni kweli Kibwana, lakini mashine ilikuwa Luanda, na timu nzima ilikuwa pale kando ya mgonjwa. Daktari peke yake ndiye alikuwa mbali. Kinachonipa moyo ni Kigali, tangu 2023 IRCAD, taasisi ya mafunzo ya upasuaji kutoka Ufaransa, wana kituo cha kuwafunza madaktari upasuaji wa matundu madogo. Kwa mzee wetu wa leo, tushike kilichopo.

Mwana_wa_Tukuyu
Nawashukuru mno. Nimemsomea mzee yote. Pale daktari anapoinua uso na mashine ikaganda, akaniambia rudia. Nikarudia. Kisha akaomba kalamu, ameandika maswali ya Dkt kwa mkono wake na kuongeza lake: "Nikiamka, nani atakuwa karibu?"

Shamba limesimama kwanza. Alhamisi tunaongea kwa video na daktari mwenyewe, wakala kanuna ila kakubali. Wiki ijayo tunashuka Dar kumwona bingwa wa mionzi. Dada Nesi, moja tu: tukienda India, mpira wa mkojo tuje kuutolea Mbeya?

Nesi_Ughaibuni
Hapana, utolewe huko huko. Kwa kawaida ni kama wiki moja baada ya upasuaji, kisha wamwangalie akikojoa mwenyewe. Tiketi ya kurudi msiikate kabla ya hapo. Na mazoezi ya nyonga aanze kesho asubuhi.