Ukoo wa Bibi Mwanaidi: Hamisi na kadi ya chama

*Shangazi Tatu, 19:02*
Asalaam aleikum ukoo. Huku mtaani wanamtaka Hamisi agombee uenyekiti wa serikali ya mtaa. Tangu azibue ule mtaro wa nyuma ya msikiti na vijana wake wanne, hata dukani wanamwita mwenyekiti.

*Mjomba Kassim, 19:05*
Waaleikum salaam dada. Kwa chama gani?

*Shangazi Tatu, 19:05*
Ndo hapo. Hana chama. Anasema yeye ni wa mtaro tu 😂

*Neema, 19:09*
Shikamooni. Shangazi, bila chama jina lake halipokelewi. Kuanzia mtaa mpaka urais.

*Shangazi Tatu, 19:10*
Marahaba mwanangu. Mbona niliwahi kusikia mahakama imeruhusu mgombea binafsi?

*Babu Mwalimu, 19:18*
Ulisikia sawasawa, tena si mara moja. Mchungaji Mtikila, mwanasiasa, alifungua kesi ya mgombea binafsi Dodoma 1993. Jaji Lugakingira akampa haki Oktoba 1994. Shuleni tulilisoma gazeti moja walimu tisa. Hata kushangilia hatujamaliza, Desemba hiyohiyo Bunge likabadili Katiba, mlango ukafungwa.

*Neema, 19:22*
Akarudi tena mahakamani 2005. Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa tena. Serikali ikakata rufaa. Juni 2010 majaji saba wa Rufani, Jaji Mkuu Ramadhani akiongoza, wakasema hilo ni suala la kisiasa, liachiwe Bunge.

*Shangazi Tatu, 19:23*
Bunge ambalo waliochaguliwa wote wamepitia vyama?

*Mjomba Kassim, 19:24*
Kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

*Babu Mwalimu, 19:27*
Akapanda Arusha, Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu. Juni 2013 akashinda, ikaonekana Tanzania imevunja haki zake. Sheria ikabaki ilivyokuwa. Yeye akafariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Mungu amrehemu.

*Neema, 19:29*
Na 2019 serikali ikaondoa ridhaa yake ya mtu binafsi kupeleka kesi moja kwa moja kule.

*Mjomba Kassim, 19:34*
Jamani, mimi navitetea vyama kidogo. Ruhusu kila mwenye hela ajisimamishe mwenyewe, bungeni patakuwa mnadani. Chama angalau unajua pa kukibana.

*Neema, 19:40*
Mjomba, lakini chama nacho kinakubana wewe. Ibara ya 71: uanachama ukikoma na ubunge umekoma, hata kama jimbo zima lilikupigia kura. Ndiyo maana akifukuzwa mtu anakimbilia zuio la mahakama. Wabunge Hamad Rashid wa CUF na Kafulila wa NCCR walibaki na viti vyao kwa njia hiyo. Mbunge Zitto alipata zuio dhidi ya chama chake, CHADEMA, Januari 2014, kesi ikatupwa Machi 2015, siku ileile chama kikatangaza si mwanachama tena.

*Mjomba Kassim, 19:42*
Na wale wabunge akina mama 19 wa viti maalum?

*Neema, 19:47*
CHADEMA iliwavua uanachama Novemba 2020, Baraza Kuu likazikataa rufaa zao Mei 2022. Desemba 2023 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi wa Baraza Kuu. Wajumbe wa Kamati Kuu waliowafukuza ndio haohao walikaa kusikiliza rufaa.

*Shangazi Tatu, 19:48*
Aliyekuhukumu ndiye anakusikilizia rufaa? Kama kamati ya harusi ya Zuhura. Mlinipangia sare, nikalalamika, mkaniambia nilalamike kwenu 🙄

*Mjomba Kassim, 19:51*
Mahakama hapo ilikuwa sahihi kwa utaratibu, sikatai. Ila chama kilisema hawa si wetu, bungeni wakahesabiwa ni wa chama hichohicho. Mwananchi aliwakilishwa na nani hapo?

*Babu Mwalimu, 19:55*
Viti maalum, Kassim. Hukuwapigia kwa majina. Orodha ililetwa na chama.

*Mjomba Kassim, 19:56*
Haya mwalimu 🙏

*Hamisi, 21:37*
Shikamooni wakubwa. Nilikuwa juu ya bati, simu nimeishika sasa hivi. Leo vyama viwili vimenipigia, vyote vinataka nichukue kadi kwanza.

*Shangazi Tatu, 21:38*
Ukawajibu nini baba?

*Hamisi, 21:41*
Nimewauliza nani ana toroli la kuniazima kesho. Mtaro umeziba tena, pale kwa muuza chipsi.