Naomba ushauri: choki ya bunduki ya kununua nje kwa ajili ya bata maji

Wakuu habari za mida hii, niko Moshi hapa, nina shotgun Remington 870 geji 12 inamilikiwa kihalali na vibali vyote vipo (nasema mapema maana najua mtaanzia hapo 😂), shida yangu ni choki (kile kibano cha mdomo wa mtutu kinachozuia marisau, yaani vitufe vidogo vya ndani ya ganda, yasitawanyike). Iliyokuja nayo ni modifaidi (inabana wastani), kwa kanga na kwale haina neno, ila bata maji wanapita juu mita kama 35 hivi na wale bata bukini manyoya yao ni mazito, marisau yanatawanyika sana. Jamaa mmoja Arusha ananiambia chukua fulu tu (inayobana zaidi), mi naona siyo rahisi hivyo, maana marisau ya chuma ni magumu hayabonyei kama ya risasi (yale ya madini laini ya lead), kwenye fulu iliyobana sana yanaweza kuharibu choki au hata mtutu, na ndo maana wengi wanasema modifaidi ukipiga chuma inabana karibu sawa na fulu ukipiga risasi.

Sasa kati ya choki za Carlson's na za Patternmaster ipi inafaa? Najua lazima iwe ya nyuzi za Rem Choke (zile za Remington), za Beretta haziingii. Au nibadili aina ya ganda (katriji) kwanza kabla ya kuchoma hela? Na kuagiza choki peke yake kutoka Marekani nayo inataka kibali cha polisi?