Jibu: Shule ya bweni ya soksi za njano

Wanajamvi, hamjambo? Mwanangu yuko darasa la tano hapa London. Mwalimu wake kanitajia shule ya bweni iitwayo Christ's Hospital. Mie nilidhani shule kongwe kama hizo ni za watoto wa mabwanyenye. Halafu hilo jina, mtoto mzima akalazwe hospitali? Mwenye kuijua anijuze.

---

Dada, jina lisikutishe. Zamani neno hilo lilikuwa pia la mahali pa kuwahifadhi wasiojiweza. Mfalme Edward VI, kijana wa miaka 15, aliianzisha 1552 pale Newgate, London, katika majengo ya watawa waliokwisha kuondolewa, kwa ajili ya watoto wa kimaskini. Walianza 380. Ilihamia Horsham, Sussex, mwaka 1902.

Nilimpeleka binti yangu siku ya wazazi kutembelea. Ikafika saa ya chakula cha mchana, bendi ya wanafunzi ikatangulia na ngoma na matarumbeta, wengine wakafuata kwa gwaride mpaka bwaloni. Kwa ajili ya chakula tu! Wamevaa joho la buluu linaloshuka hadi chini ya magoti, vifungo vya rangi ya fedha vyenye kichwa cha huyo mfalme, kitambaa cheupe shingoni. Wavulana suruali za magotini na soksi za njano kali. Wenyewe husimulia kuwa njano iliwekwa kufukuza panya. Sijui panya wanasemaje.

Sare hiyo hutolewa bure, kwa hiyo humjui mtoto wa tajiri kwa nguo. Ada hupimwa kwa kipato cha familia: wapo wasiolipa hata peni, wapo wanaolipa yote. Ila kuna mitihani, na nafasi za kusaidiwa hugombaniwa kweli. Watataka kuona mshahara, akiba, nyumba. Una kiwanja Kibaha? Kitaje, usije ukaumbuka. Mtoto huingia akiwa na miaka 11, basi anza kuulizia sasa hivi.

Jambo moja kwa Waislamu wenzangu: ni shule ya Kanisa la Uingereza, na kwenda kanisani kumo kwenye ratiba. Waulizeni mapema, pamoja na habari ya chakula.

---

Ahsante sana kaka. Nimemwonyesha picha. Joho kalikubali, bendi kaipenda. Kasheshe iko kwenye soksi.