Nyumba nzima tunajikuna, na vidonge vya mzio havisaidii

MamaWawili
Wakuu, naombeni mawazo, maana yangu yameisha.

Ilianza kwa binti yangu wa miaka mitano, vipele vidogo kwenye kifundo cha mkono. Nikasema sabuni hiyo, nikabadilisha. Wiki ya tatu baba yake akaanza kujikuna kiunoni, pale mkanda unapokaa. Tukalaumu chuma cha mkanda. Kisha mimi, katikati ya vidole. Sasa mdogo wa miezi minane ana vilengelenge kwenye nyayo, na mtoto ambaye hajaanza hata kutembea atakuwa amekanyaga nini?

Mume wangu alikuwa na pumu utotoni, kwa hiyo kila tunapokwenda hospitali, wakisikia hivyo mjadala umefungwa: mzio wa kurithi. Vidonge vinatulaza tu, tukiamka tunaendelea kujikuna tulipoishia. Krimu ya steroidi ilituliza siku nne, vipele vikarudi na ndugu zao. Nimeondoa mito ya manyoya, nimeondoa zulia, mwisho nikagawa paka, na binti bado amenuna. Mama mkwe tunayeishi naye ndiye pekee asiyewashwa. Anasema ni damu ya upande wangu, ingawa mwanawe naye anajikuna.

Hivi kuna mzio unaoshika nyumba nzima ndani ya miezi miwili?

Mzee_Kimya
Pole sana dada. Acha kila kitu chenye manukato: sabuni, mafuta, hata ya kulainishia nguo. Mimi viganja vilipasuka mwaka mzima, kumbe ni manukato.

MamaWawili
Asante kaka, lakini sabuni nimebadilisha mara nne.

MuuguziZamu
Dada, swali moja: mnawashwa zaidi saa ngapi?

MamaWawili
Usiku, tukishajifunika. Mchana afadhali.

MuuguziZamu
Basi rudi kwa daktari, umwombe awaangalie kama ni upele. Sisemi vipele, nasema upele wenyewe, ule wa utitiri unaochimba kwenye ngozi na kutaga mayai. Siwezi kumpima mtu kwa maandishi, ila kuwashwa usiku, katikati ya vidole, kifundo cha mkono, kiunoni, na kwa mtoto mchanga kwenye nyayo, hizo ndizo sehemu zake. Pumu na ukurutu huandamana kwenye ukoo, kweli, lakini mzio hauambukizi. Wenu umetoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kwa zamu.

Steroidi huficha sura ya upele, utitiri unaendelea na kazi yake. Na mama mkwe asijisifu bado: anayeupata mara ya kwanza huweza kukaa wiki nne mpaka sita bila kuwashwa, na muda wote huo anaambukiza.

Ikithibitika, mara nyingi mtapewa krimu ya permethrin ya asilimia 5. Inapakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, si penye vipele tu, inakaa saa 8 hadi 14 ndipo mnaoga, na inarudiwa baada ya wiki moja. Kwa mdogo wako hata kichwani, bila kugusa macho na mdomo, kwa maelekezo ya daktari. Watu WOTE wa nyumba siku hiyohiyo. Mashuka na nguo fueni kwa maji ya moto. Visivyofulika vifungeni kwenye mfuko wa plastiki siku kadhaa, maana utitiri ukikosa ngozi ya mtu hudumu siku mbili tatu tu.

Paka mmemwonea. Utitiri wa wanyama ni mwingine, hauzaliani kwa binadamu.

Neema_wa_Pili
Hapo kwenye "wote" usicheze. Sisi tulipaka watu watano, kaka yangu akasema yeye hawashwi. Mwezi uliofuata tulikuwa palepale. Jambo jingine, baada ya dawa mwasho huendelea hata wiki mbili au zaidi, utitiri ukiwa umeshakufa. Mimi kwa hofu nilijipaka dawa mara tano, ngozi ikaungua. Usifanye hivyo.

MamaWawili
Narudi baada ya wiki tatu. Daktari alishika mkono wangu, akautazama kwa kioo cha kukuza, akanionyesha kamstari kadogo kama alama ya penseli. Ni upele. Niliona aibu, nikaanza kumweleza kwamba tunaoga kila siku, akanikatiza: hata anayeoga mara tatu kwa siku anaupata, unafuata kukaa ngozi kwa ngozi.

Mama mkwe aligoma kupakwa. Mwanawe ndiye aliyemshawishi, sijui alimwambia nini. Tumepaka mara zote mbili. Mdogo nyayo zimekauka, binti analala mpaka asubuhi. Mimi mwasho upo kidogo, na bado nashtuka saa nane usiku kusikiliza kama kuna anayejikuna.

Paka tumekwenda kumwomba. Aliyempokea anasema ameshamzoea.