Michezo ya jukwaani Nairobi: mnachaguaje ule wa kulipia?

Mgeni wa Ngara

Hamjambo nyote. Nimehamia Nairobi kikazi kutoka Mombasa. Kule nyumbani tulikuwa tukienda Little Theatre Club mchezo ukiwapo, na kwa kuwa ilikuwa mmoja mmoja, hapakuwa na la kuchagua. Hapa naona mabango matatu manne kila wikendi: Kenya National Theatre, Alliance Française, mara Braeburn kule Gitanga Road. Tiketi ya elfu moja mara mbili, mimi na mke wangu, ongeza teksi ya kurudi usiku na kitu cha kutia tumboni. Mfuko wetu unaruhusu mchezo mmoja kwa mwezi. Mwezi jana tuliufuata mmoja wenye bango la kupendeza kwelikweli, tukaondoka wakati wa mapumziko, mke wangu akiwa hasemi neno. Nyinyi wenyeji mnachaguaje? Yeye angependa zaidi wa Kiswahili. Mimi chochote, mradi wenyewe wamejiandaa.

Mchekaji

Nenda komedi, bro. Ukicheka dakika ishirini, pesa yako imerudi. Hiyo michezo ya watu wanasimama kwa giza wakilia, waachie maprofesa.

Fundi wa Taa

Karibu mjini, ndugu yangu Mgeni. Mimi ni mwanamke wa taa na sauti katika kumbi hizo unazozitaja, kwa hiyo michezo mingi nimeitazama kutoka nyuma kabisa, bila kulipa. Ukikaa pale unamjua upesi aliyekuja kazini na aliyekuja kupigwa picha.

Shida ya Nairobi si uhaba wa michezo mizuri. Shida ni kwamba mchezo hukaa wikendi moja. London mchezo ukifaulu hukaa miezi, hata miaka, kwa hiyo mtu ana nafasi ya kusoma uhakiki kwanza ndipo anunue tiketi. Hapa Ijumaa pazia linafunguliwa, Jumapili usiku mandhari yanapakiwa kwenye pikapu, na uhakiki gazetini, ukitoka, ni kama tanzia. Ukingoja kuambiwa mchezo ni mzuri utakuwa umekwisha. Basi usifuate mchezo, fuata watu.

Na watu ninaowasema si hizo sura za kwenye bango. Msanii wa mitandaoni hupigwa picha mwanzo, akaja mazoezini mara mbili tatu, na siku ya siku anaongea akitazama sakafu kana kwamba maneno yameandikwa pale. Tafuta jina la mwongozaji na la mwandishi. Yakikosekana yote mawili, mimi nisingetoa hata mia tano yangu. Yakiwapo, na kazi ikakupendeza, andika jina la mwongozaji kwenye simu, na akirudi na mchezo mwingine nenda, hata kama kichwa chake hakikuvutii.

Halafu angalia marudio. Kukodi ukumbi si mchezo, na hakuna kikundi kinacholipia mara ya pili kitu kilichokimbiza watu. Tena mchezo uliorudi huwa umeiva: mizaha iliyokufa imeshatupwa, mistari imekaa mdomoni. Ngaahika Ndeenda, ule mchezo wa Kikuyu wa akina Ngũgĩ, ndiyo mfano mkubwa wa kurudi, japo hiyo haikurudi kwa sababu ya soko. Ilichezwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, serikali ikaipiga marufuku na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwisho wa mwaka huo huo. Mwaka 2022 ikachezwa Kenya National Theatre, siku nyingine kwa Kikuyu, siku nyingine kwa Kiingereza. Nilipata kuona zote mbili nikiwa mtazamaji wa kawaida, tiketi mkononi. Ile ya Kiingereza ilikuwa safi. Ile ya Kikuyu, akina nyanya walikuwa wakijibu jukwaa kama wako kwenye ruracio, sherehe ya mahari. Mchezo ukiwa na lugha mbili, tafuta siku ya lugha ulioandikiwa, hata kama hushiki kila neno.

Siku nayo ina maana. Vikundi vingi hufanyia mazoezi kwingine, kwenye ukumbi wa kanisa au uwanjani, kwa sababu siku ya ziada ukumbini ni pesa. Wanaingia asubuhi ya siku ya kufungua. Nimewahi kuwa juu ya ngazi nikielekeza taa huku foleni imeshaanza nje. Usiku huo mwigizaji anatoa maneno yake mazito kuliko yote akiwa gizani, hatua moja kutoka kwenye mwanga, na hajui. Kesho yake anajua: anatembea mpaka ahisi joto la taa usoni, hapo anasimama. Kwa hiyo Jumamosi, si Ijumaa. Kukiwa na onyesho la saa tisa na la saa kumi na mbili na nusu, komedi chukua la jioni, maana kicheko kinataka ukumbi uliojaa. Mchezo mzito chukua la saa tisa, sauti bado mbichi na simu hazilii sana.

Mchekaji, sina ugomvi na komedi, ndizo zinazonilipia nyumba. Ila nyingi ni zile farsi (vichekesho vya vurugu) za Kiingereza zilizobadilishwa majina: mume, kimada, pasta, na milango minne. Ukiona mbili umeziona zote.

Mchekaji

Hapo kwa milango umenipata. Lakini mbona ukumbi unajaa kila mara, dada? Watu wametoka kazini wamechoka. Hao maprofesa wakileta mchezo wao mnakuwa watu kumi na tano, wanane wao ni mashangazi wa waigizaji.

Fundi wa Taa

Nimewahesabu hao mashangazi, ni kweli. Na wanapiga makofi pasipofaa.

Mwalimu wa Fasihi

Mgeni, kuhusu Kiswahili: michezo mingi ya Kiswahili utakayoiona inatangazwa hapa ni ile ya vitabu teule vya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, inayoletewa wanafunzi. Usiende kichwakichwa. Vikundi vingine vinafanya kazi ya heshima. Kingine kilikuja shuleni kwetu na waigizaji wanne kwa tamthilia yenye wahusika zaidi ya kumi, mama akatoka na leso, akarudi na kofia akawa chifu, na onyesho zima la tatu likarukwa. Wanafunzi wangu walijua kuliko waliowachezea. Kabla ya kulipa, piga ile nambari ya kwenye bango uulize wako waigizaji wangapi. Wakianza kuzungukazunguka, jibu umelipata.

Pia kuna tamasha la kitaifa la maigizo la shule na vyuo, kwa kawaida mwezi Aprili, likizo ya shule, linahama mji mwaka hadi mwaka. Mchezo ukifika ngazi hiyo umeshachujwa kuanzia chini kabisa. Mke wako atasikia Kiswahili cha kila namna, michezo na mashairi ya kughani. Baadhi ya waongozaji anaowasema Fundi walianzia huko.

Mgeni wa Ngara

Shukrani sana, mwalimu, nawe dada Fundi. Nimelitazama tena lile bango la mwezi jana. Jina la mwongozaji halipo. Lipo la mtengeneza nywele.

Wikendi hii kuna mmoja National Theatre, wa Kiswahili, umeandikwa "umerudi tena", na mwongozaji na mwandishi wote wametajwa. Bei ya mapema inaisha kesho. Ninunue?

Fundi wa Taa

Nunua, Jumamosi. Jina hilo la mwongozaji ulilonitumia pembeni namfahamu, huwafukuza waigizaji wanaochelewa mazoezini. Msikae safu ya mbele, mtatazama viatu tu. Kaeni katikati, na mfike mapema, maana kuegesha gari pale Harry Thuku Road Jumamosi ni vita. Kama mnatoka Ngara tembeeni tu kungali mwanga, teksi iwe ya kurudi.