Nyungo kwenye ngao ya mtu wa shaba, kanisa la Chartham: zinamaanisha nini?

BintiSingida
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Naomba msaada wa wanaojua makaburi ya kale ya Uingereza. Ninatunza wazee karibu na Canterbury, na Jumamosi nilimsindikiza bibi mmoja hadi kanisa la kijiji cha Chartham. Sakafuni, upande wa madhabahu, kuna bamba la shaba lenye mwanamume wa kimo karibu sawa na cha mtu halisi. Amevaa dirii ya pete za chuma hadi nyayoni, mikono ameikutanisha kama anayesali. Kichwa kiko wazi, nywele zimejikunja. Miguu ameipishanisha, na chini yake kalala simba.

Kilichonisimamisha ni ngao. Nimelelewa na bibi aliyepepeta uwele kila jioni ya mavuno, na vile vitu vitatu kwenye ngao niliviona ni nyungo. Nikavikuta tena kwenye kanzu yake na kwenye vibao viwili vya mraba mabegani. Bibi ninayemtunza anasema ni makombe ya baharini. Mtu mwingine tuliyemkuta pale akasema huyu ni askari wa vita vya msalaba, ndiyo maana miguu imepishana. Yupi yuko sahihi? Na vibao vya mabegani vilikuwa vya kuzuia upanga?

MzeeWaMabamba
Marahaba, binti yangu. Jicho lako halikukosea, ni nyungo. Ukoo ule uliitwa Septvans, na kwa Kifaransa, lugha ya mabwana wa Uingereza enzi zile, *sept* ni saba na *van* ni ungo wa kupepetea nafaka. Ungo wao ulisukwa kwa umbo la kombe, mbele wazi, una vishikio viwili, kwa hiyo bibi naye usimlaumu. Nembo inayolitaja jina la mwenyewe ilikuwa jambo la fahari. Kule Trumpington, jirani na Cambridge, Sir Roger de Trumpington amechorewa matarumbeta. Idadi nayo isikusumbue: nembo ya Septvans ni nyungo tatu za dhahabu kwenye uwanja wa buluu, mbili juu na moja chini, maana ndivyo ngao iliyochongoka inavyojaa vizuri.

Vile vibao Wafaransa waliviita vibawa. Upanga visingeuzuia. Vilikuwa vyepesi, vimefungwa begani, kazi yake kuonyesha nembo. Mtindo wake ulidumu muda mfupi, kati ya mwisho wa karne ya 13 na mwanzo wa karne ya 14, kwa hiyo ukiviona tu umeshapata nusu ya jibu la tarehe.

Mimi hupiga magoti kando ya bamba na kuanza na magoti yake. Huyu wa Chartham ana kinga ngumu magotini, kwingine kote karibu ni pete tupu. Ukija miaka ya 1360 utakuta chapeo iliyochongoka juu, na utando wa pete ukishuka hadi mabegani. Ukifika miaka ya 1420 mtu mzima amefunikwa kwa sahani za chuma.

La miguu naliona mara nyingi, na linaniuma kwa sababu watu wanalirudia kwa uhakika. Kupishanisha miguu ilikuwa namna ya wachongaji wa Uingereza ya kumpa uhai mtu aliyelala. Wamechongwa hivyo watu ambao hawakwenda vitani ng'ambo hata siku moja. Kumbuka pia kwamba Akka, ngome kuu ya mwisho ya askari wa msalaba kule Palestina, ilianguka mwaka 1291, kabla bamba hili halijachongwa.

Kuhusu jina: kwa muda mrefu ilisemwa ni Sir Robert aliyefariki 1306. Watafiti waliolinganisha herufi na dirii za mabamba mengine sasa wanalisogeza bamba hili hadi miaka ya 1320, na anayetajwa ni Sir William, aliyefariki 1322. Hata bamba la Sir John d'Abernon kule Surrey, ambalo mimi nilifundishwa kuwa ni la 1277, limesogezwa hadi kama 1327. Lilinisumbua sana, lakini ushahidi ni mzito.

Mkunga_Leicester
Mzee, basi sura ile si yake? Na rangi ya buluu umeijuaje wakati bamba ni la manjano tupu?

MzeeWaMabamba
Sura si yake, mama. Mabamba yalichongwa kwenye karakana, kubwa zikiwa London, na fundi alikuwa na mifano yake. Kilicho cha marehemu mwenyewe ni nembo na maandishi. Ndiyo maana nembo lazima isomwe kwa makini kuliko uso. Pale Trumpington, vibawa na ala ya upanga vimeongezewa kitana chenye meno, alama ya mtoto mkubwa ambaye baba yake yu hai. Inaelekea bamba lilianza kwa ajili ya mtu mmoja likageuziwa mwingine wa ukoo huohuo.

Rangi tunaijua kwa orodha za nembo zilizoandikwa wakati ule. Kwenye shaba yenyewe sehemu za rangi zilichimbwa zikajazwa enameli (kioo cha rangi kilichoyeyushwa) au nta ya rangi, na nyingi zimebanduka. Ngao ya d'Abernon bado ina buluu yake, nenda ukaione. Lakini mistari na nukta usizisome kama rangi. Utaratibu wa mistari kusimamia rangi ulienea karne ya 17, miaka 300 baadaye.

BintiSingida, ukirudi tazama viganja vyake.

BintiSingida
Nimerudi leo, mzee wangu. Glavu za pete zimening'inia kwenye vifundo vya mikono. Amezivua ili asali kwa mikono mitupu. Bibi alitaka nimweleze ungo unavyopepeta, nikamwonyesha palepale kwa sahani ya plastiki.